Mkono wa Mtu Ndani ya Boneti

Jumapili, 4 Mei

Aibu! Aibu tupu! Uso wangu nitauweka wapi?

Jana gari lilinizimikia mbele ya ukumbi, bibi harusi yumo ndani, matarumbeta yanalia. Nikazungusha ufunguo — tk. Tena — tk. Wapambe wakaanza kuchungulia vioo. Bwana harusi mwenyewe akashuka, suti nyeupe pe, akaungana na shemeji zake kusukuma. Mpiga picha alifurahi kupita kiasi. Miaka yote nimebeba maharusi kwa gari hili, na hakuna aliyewahi kushuka kabla ya kufika kwenye zulia.

Ikabidi nimpigie Bisibisi. Huyu ni mchumba wa binti yangu wa mwisho, Kitinda. Ni fundi umeme wa magari. Jina la Bisibisi nimempa mimi, kwa sababu ni mrefu, mwembamba, na anaingia popote. Basi, alifika upesi. Upesi mno! Kama mtu aliyekuwa amekaa na begi mapajani akingoja simu. Akafungua boneti, akazama mpaka mabegani, akaibuka na vipande vya waya vilivyokatika. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Ni panya, baba."

Panya! Kwenye gari langu! Gari ninalolipaka nta kila wiki, ninaloendesha kwa glavu nyeupe! Nikamwambia anyamaze, wenye harusi wasisikie. Gari la maharusi likishasemwa lina panya, limekwisha. Nani atampandisha binti yake humo na shela la kukodi?

Akaunga, likawaka. Nikatoa pochi. Akakataa — eti mimi ni mzazi wake. Hilo nalo. Fundi gani anakataa kulipwa?

Jumatatu, 5 Mei

Nimepekua banda la gari lote. Nimetoa kila kitu nje: ndoo, makopo ya nta, maua ya plastiki, maboksi ya tepe. Hakuna shimo. Hakuna panya. Na paka tunaye, mnene, analala juu ya boneti kwa sababu ina joto. Ni mvivu, sikatai, lakini paka ni paka.

Kipande kimoja cha waya nilikitia mfukoni juzi bila Bisibisi kuona. Leo nimekitazama kwa kile kioo cha kukuza ambacho Mama Watoto hutumia kutungia uzi kwenye sindano. Kimekatika sawasawa! Meno hutafuna, huacha ncha ncha. Hiki kimekatwa. Hapa kuna mkono wa mtu.

Nikamwita Mama Watoto aone. Akasema anaona waya. Nikamwambia atazame vizuri. Akatazama vizuri, akasema anaona waya uliokatika. Mwanamke huyu!

Alhamisi, 8 Mei

Tena! Honi haipigi. Taa za mbele zimekufa. Jana asubuhi zilikuwa nzima, nilizijaribu mwenyewe.

Nimekaa nikafikiri, polepole, mtu mmoja baada ya mwingine. Nani aliingia uani jana? Muuza maziwa — haachi geti. Mama Watoto — hajui hata boneti inafunguliwa wapi. Na Bisibisi. Alikuja kumwona Kitinda, akapewa chai, halafu akatoka kunawa mikono. Bomba liko wapi? Ubavuni mwa banda! Na funguo za akiba anazo nani, za banda na za gari? Yeye, tangu alipotengeneza alamu. Hajazirudisha. Nami kwa uzembe wangu sikuzidai.

Machale yamenicheza. Fundi akikosa kazi anaweza kujitengenezea. Lakini mbona hataki malipo? Hapo ndipo penyewe: hataki malipo, anataka shukrani. Anataka siku ya harusi ikifika, mimi niwe mkwe asiyeweza kufungua mdomo, kwa sababu bila yeye gari haliendi. Kijana ana akili. Mimi pia ninazo.

Harusi yao ni tarehe 7 mwezi ujao, na ni katika gari hili hili. Kitinda aliliomba tangu yuko shule ya msingi, meno ya mbele hana: akiolewa atapanda gari la baba, na baba ndiye dereva. Nilimwahidi. Sasa nimpeleke kwa nani — kwa mtu anayenikatia waya?

Jumamosi, 10 Mei

Harusi ya leo imekwenda salama, shukrani. (Bisibisi alikuja jana akatengeneza honi na taa. Nilisimama pembeni muda wote, nikamtazama mikono. Anajua kujifanya hamnazo!) Wapambe walirusha mchele kwa mikono miwili, utadhani wanalisha kuku. Ulimwingia bibi harusi hadi kwenye nywele.

Nilikuwa uani nafagia viti Bisibisi alipotokea tena. Akanionyesha yale matundu chini ya waipa. Anasema mchele unaingia humo, unajikusanya, na panya wanaufuata. Kifuniko kivuliwe, paoshwe. Akataka akivue yeye mwenyewe, hapohapo. Nikamwambia asiguse! Gari hili nilianza kuliosha kabla yeye hajajua kujifuta kamasi.

Akatoa mfuko. Ndani, mitego miwili ya panya. Zawadi! Nani anampelekea mkwe wake mitego? Niliipokea kwa sababu Kitinda alikuwa anatazama. Imekwenda stoo, rafu ya juu kabisa.

Jumatatu, 12 Mei

Leo nimetega mtego wangu mimi, na si wa panya. Nimechukua unga wa ngano jikoni, nikauchekecha juu ya injini na kwenye kingo za boneti, laini kama poda. Atakayeingiza mkono ataacha alama za vidole. Polisi hawana la kunifundisha.

Mama Watoto ameuliza nani kachukua unga. Nimejikausha.

Jumatano, 14 Mei

Nimemkamata! Karibu.

Unga umeondoka karibu wote. Hakuna alama ya kidole hata moja — na hilo ndilo linalomshtaki. Ameupangusa! Kuna vialama vidogo vidogo vimekwenda huku na huku, na katikati yake mstari mmoja mwembamba, mrefu. Brashi. Ile brashi ndogo ya mafundi ya kusafishia plagi. Tena ameacha uchafu nyuma yake: vipunje vyeusi vya tepu ya umeme, kavikatakata vidogo kama mbegu. Nimeviokota vyote, nikavifunga kwenye leso.

Jana jioni alikuwa hapa. Alikunywa chai, akaongezewa, akakaa sana. Alicheka na Mama Watoto jikoni. Wanacheka nini?

Nitanyunyiza tena. Unga mwingi zaidi.

Ijumaa, 16 Mei

Gari limekufa kabisa, na kesho nina bibi harusi. Nimelazimika kumpa kazi yule mshindani wangu mwenye gari jeusi. Alikubali kwa adabu zote, akanipa pole, nikasikia anacheka kabla hajakata simu.

Imetosha. Nimemkalisha Kitinda nikamwambia ukweli kuhusu mchumba wake. Nikamtandazia leso mezani, ushahidi wote. Akatazama vile vipunje. Akanitazama mimi. Akavitazama tena.

"Baba, hiki ni kinyesi cha panya. Umekifunga kwenye leso."

Nikamwambia mapenzi yamempofusha. Akasema kama ni hivyo basi hata pua yangu imepofuka, ninuse. Binti yangu, ananiambia ninuse! Akaondoka analia, akabamiza mlango hadi picha ya harusi yetu ukutani ikakaa upande.

Kinyesi! Tepu naijua.

Sikunusa.

Jumapili, 18 Mei

Nimekwenda kwa Seremala. Ni baba mdogo wa Bisibisi, ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki. Kibanda cha Bisibisi cha ufundi kiko hapohapo uani kwake, kwa hiyo nilijua nitawakuta wote. Seremala alikuwa anapiga randa mguu wa kitanda, nyusi zimejaa vumbi la mbao. Kitanda cha maharusi, kumbe. Sikuuliza, alisema mwenyewe.

Nikapanga vipande vya waya nilivyokusanya tangu siku ile juu ya meza yake ya kazi, kimoja kimoja. Nikaeleza kila kitu: ile haraka ya siku ya kwanza, bomba, funguo, unga, brashi. Nilieleza vizuri hata mwenyewe nikajisikia raha.

Seremala hakunikatiza. Akamwita Bisibisi, akamuuliza mara moja tu kama amefanya. Bisibisi akajibu, "Hapana, baba." Seremala akanigeukia, akasema kijana amejibu. Basi! Kana kwamba jibu linatosha! Kana kwamba watu wenye hatia hawajui neno hapana!

Nikatoa neno langu. Simtoi binti yangu kwa mtu anayeniharibia mali huku ananitazama machoni. Akiri, mbele yangu na mbele ya mlezi wake, nami nitasamehe, mimi si mnyama. Asipokiri, hakuna harusi. Nikadai funguo zangu za akiba hapohapo. Bisibisi akazitoa kwenye pete yake, vidole vinamtetemeka.

Mtu asiye na kosa anatetemeka nini?

Jumanne, 20 Mei

Nyumba imenuna. Chai inawekwa mezani bila neno. Kitinda anashinda chumbani, akitoka macho yamevimba, ananiamkia kwa sababu tu alilelewa vizuri. Gauni lake limeletwa na mshonaji. Limetundikwa sebuleni ndani ya nailoni, kila nikipita linanigusa bega.

Inaniuma. Naandika hapa tu: inaniuma. Ndiye aliyekuwa ananishikia ndoo nikiosha gari. Lakini nikilegea leo nimelegea moja kwa moja, na yule kijana atanipanda kichwani mpaka nife.

Alhamisi, 22 Mei

Mama Watoto na Kitinda wametoka pamoja mchana. Hawakusema wanakwenda wapi. Wamerudi kimya, lakini si kimya kile cha juzi. Hiki ni kimya cha watu waliokubaliana. Kuna jambo linapikwa, na si chakula.

Jumapili, 25 Mei

Amekiri!!

Walikuja baada ya chakula cha mchana, Bisibisi na Seremala. Hawakutaka kukaa. Bisibisi akasimama mbele yangu, mikono nyuma, akasema: "Baba, ni mimi. Waya nilikata mimi. Nisamehe."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema alitaka nimwone wa maana. Si nilisema! Neno kwa neno kama nilivyoandika hapa! Nikamuuliza alikatia nini. Koleo. Koleo gani? Akasita kidogo. Lile la mpini mwekundu, akasema.

Nikamsamehe. Nikamkumbatia hata, mifupa mitupu. Nilijiona mrefu kuliko wote sebuleni. Kitinda, aliyekuwa mlangoni, akanishukuru kwa sauti kavu, akaondoka. Bisibisi akaomba ruhusa, akaenda kutengeneza gari wakati huohuo, mimi nimesimama kando yake kama askari. Likawaka kwa mkupuo mmoja.

Seremala peke yake hakuinua macho. Wakati wa kuaga akanishika mkono akasema, "Umesikia ulichotaka kusikia, bwana." Maneno gani hayo? Mtu mzima hajui kushindwa!

Harusi iko palepale. Nimelala usingizi mzuri mchana huu, wa kwanza mwezi mzima.

Jumatatu, 26 Mei

Nimekwenda kunyoa. Nikamweleza Kinyozi, yeye tu, tena nikamwonya abaki nayo. Alicheka hadi akaisimamisha mashine kichwani kwangu.

Alhamisi, 29 Mei

Kinyozi hana breki. Mtaa mzima unajua. Nilipita leo mbele ya uwanja wa Seremala — nilikuwa napita tu — na kibanda cha Bisibisi hakina hata gari moja. Basi la shule limehamishwa. Wale madereva wa teksi waliokuwa wanapanga foleni tangu asubuhi wako kwa fundi wa barabara ya pili. Nani atamwachia gari fundi anayekata waya? Bisibisi alikuwa amekaa juu ya tairi, anafuta spana ambazo tayari ni safi. Akaniona, akasimama, akaniamkia kwa heshima zake zote.

Ameyataka mwenyewe. Mimi sikumtuma.

Lakini kuna kitu kinanikera. Begi lake lilikuwa wazi pale chini. Makoleo yake yana mipini ya buluu. Yote! Ya ukubwa wote, buluu, kama seti aliyonunua pamoja. Mtu anasahau rangi ya koleo lake mwenyewe?

Labda lile jekundu alilitupa, kuficha ushahidi. Labda aliliazima. Hainiingii akilini. Alikiri haraka mno, halafu alisita mahali ambapo hapakuwa na sababu ya kusita. Huyu kijana ananificha kitu.

Jumapili, 1 Juni

Bisibisi hayupo. Amekwenda mji wa jirani tangu Ijumaa kutafuta kibarua, hapa hapati. Atarudi karibu na harusi. Kitinda ndiye aliyeniambia, akiwa amenipa mgongo.

Jumanne, 3 Juni

Limekufa.

Funguo zote ninazo mimi, za banda na za gari, hata nikioga ziko nami bafuni. Bisibisi yuko mbali tangu Ijumaa. Juzi nililiwasha likawaka. Leo — tk.

Kwa hiyo ni nani? Nilimfikiria yule mwenye gari jeusi. Nilimfikiria Seremala, kwa kisasi. Kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, nilimfikiria Mama Watoto.

Kisha nikavua koti, nikachukua bisibisi ya kweli, nikakivua mwenyewe kile kifuniko chini ya waipa. Nilikivua ili nithibitishe kwamba hakuna kitu. Naandika ilivyo.

Mchele! Wa harusi zote. Umejaa kwenye mfereji ulio chini yake kama umepakuliwa. Na juu yake kiota: tepe nyeupe za maharusi zimechanwa nyuzi nyuzi, maganda ya waya zangu, mekundu, ya njano, ya kijani, na unga wangu umegandia pembeni. Ndani yake watoto wa panya, wekundu, hawajafumbua macho. Mama yao alinitazama. Hakukimbia. Akateremka kwenye injini taratibu, kama mwenye nyumba anayempisha mgeni. Paka alikuwa kwenye mlango wa banda, anajilamba makucha.

Nikaenda kukaa kiti cha nyuma, cha bibi harusi, nikafunga mlango. Nimekuwa mpumbavu. Mtu mzima na mvi zake, mpumbavu, tena mwenye kioo cha kukuza mfukoni.

Jumatano, 4 Juni

Sijamwambia mtu. Kiota nimekihamishia kwenye boksi la glavu, kiko chini ya meza hii ninayoandikia. Nilikuwa nikitupe. Sikuweza, sijui kwa nini. Wanakwaruza humo ndani, sauti ndogo tu. Waya sijagusa, sijui hata pa kuanzia.

Lakini mbona alikiri? Hilo limenikaa kooni tangu jana. Mtu hakubali kosa asilolifanya bila sababu. Lazima kuna kitu nyuma yake! Nikaanza tena, ninavyojijua: labda anataka nije niumbuke, labda ananiwekea mtego wa baadaye. Leo jibu nimelipata, na sikulipenda.

Nilikuwa naelekea jikoni na kikombe mkononi. Mama Watoto na Kitinda wanakunja nguo mle ndani. Kitinda anasema mwenzake huko nako hapati kazi, sifa zimemtangulia. Mpaka sokoni wanamwita Mkata Waya. Alikubali kukiri kwa ajili ya Kitinda tu, kwa sababu walimwendea wakamwomba. Alimwambia waya ataunga, lakini jina ataliungaje? Na Mama Watoto akajibu kwamba hakukuwa na njia nyingine. Mimi ananijua. Hata nishikishwe panya mkononi, nitauliza nani kanitumia. Wavumilie, wakishaoana watakaa kwao.

Alisema bila hasira! Angekuwa na hasira ningeingia, tungegombana, ningejua pa kushika. Aliyasema jinsi mtu anavyosema mvua inakuja, tuanue nguo. Kumbe hiyo ndiyo njama yao ya siku ile. Mke wangu na binti yangu walikwenda kumwomba mtoto wa watu ajipake matope ili mimi nisishindwe. Ndani ya nyumba yangu mwenyewe wananipita pembeni kama shimo la barabarani, kila mtu analijua, hakuna hata anayepunga mkono kuonya.

Nilirudi chumbani na kikombe kitupu.

Alhamisi, 5 Juni

Bisibisi amerudi. Alipita kuniamkia. Amekonda, kama kulikuwa na mahali pa kukonda. Nikamuuliza habari za kazi huko, akasema si mbaya.

Ilikuwa nafasi yangu. Tulikuwa wawili tu. Nikamwambia jua ni kali.

Ijumaa, 6 Juni

Nimejiapiza nitasema leo asubuhi. Asubuhi imepita. Nimesema basi, mchana. Sasa ni mchana.

Uwanja wetu umejaa. Seremala ameleta mabenchi, anakaza miguu kwa nyundo. Majirani wanafunga turubai. Kinyozi yupo, hakualikwa kwa kazi yoyote, amekuja kuchekesha watu. Mama Watoto anatoa amri. Kitinda amechukua ufunguo wa banda, yeye na Bisibisi wanalipamba gari kwa tepe mpya. Nawaona kutoka dirishani kwangu, nimesogeza meza hapa. Baadaye watataka ufunguo wa gari, walitoe nje lipigwe picha. Na gari haliwaki! Limekufa tangu Jumanne, funguo ziko mfukoni mwangu, Bisibisi hakuwepo. Hata mtoto mdogo ataelewa.

Nina sentensi mbili. Moja fupi: ni batri. Batri huisha, haina lawama kwa mtu. Namkodi yule mwenye gari jeusi, boksi nalitupa mbali, maisha yanaendelea. Ya pili ni ndefu, na lazima isemwe huko uani, mbele ya Seremala, mbele ya Kinyozi, kwa sauti. Nimeijaribu mbele ya kioo. Nikafika "Kijana huyu haku—" nikakohoa.

Ngoja. Bisibisi ameona boneti haijabana. Ni mimi, juzi sikuifunga vizuri. Anainama.

Kinyozi kapaza sauti: "Bwana harusi, mikono mbali na waya!" Uwanja mzima umecheka. Seremala hajacheka, ameiweka nyundo chini. Kitinda kageuka anatazama dirisha langu. Sijui kama ananiona nyuma ya pazia. Na Bisibisi — Bisibisi anacheka nao! Ameinua mikono juu kama mtu aliyekamatwa, ili wazidi kucheka, ipite upesi.

Sasa wamerudi kwenye turubai. Ameinua boneti kidogo, kachungulia. Amekaa hivyo hivyo.

Ameona. Kifuniko sijakirudisha, mchele uko wazi, waya zinaning'inia. Fundi hahitaji kuelezwa. Atawaita! Angekuwa mimi angewaita wote, na wa mtaa wa pili. Waite, mwanangu. Mwite Kinyozi kwanza.

Anafunga. Taratibu, kwa viganja viwili. Hajamwita mtu. Kitinda anamuuliza kitu, anatikisa kichwa. Anafuta mikono kwenye suruali. Anakuja huku.

Anabisha hodi mlangoni kwangu. Anajua nimo, ametulia tu.

Amesema, kwa ile sauti yake ya chini, mdomo karibu na mbao: "Baba, gari halitawaka. Usihangaike. Nitawaambia ni batri."

Sijajibu. Kalamu inaandika, mimi sijajibu. Kwenye boksi wanakwaruza, sijui kama anawasikia. Huko nje Kinyozi ameanza tena.

Hajaondoka. Naona viatu vyake chini ya mlango. Anangoja nimwambie sawa.